Bahasha Nyekundu za Lucien Trottier

Ukurasa wa mbele, niliouacha wazi tangu Novemba

Hadithi hii kila mtu anaisimulia na kila mtu anaikosea. Bibiane wa bingo, jirani yetu, anasema nilizimia hospitali nikapewa kitanda jirani na mke wangu. Uongo. Wale wa trela za nyuma wanasema nilimrushia Lucien Trottier mpira wa chuma kichwani. Ningemrushia ungempata, mimi sikosei shabaha. Lucien mwenyewe anaisimulia polepole, kwa adabu, kama anasoma tangazo kanisani, na hicho ndicho kinachoniudhi zaidi, maana watu wanamwamini.

Mimi Rosaire Gélinas ndiye niliyekuwa ndani ya ngozi hii. Hiki kijitabu nilipewa na mfamasia wa kwetu Shawinigan, Kanada, ili niandike presha kila siku, na neno moja la hali yangu, nikiwa huku Florida kukimbia theluji. Neno moja. Hanijui huyo. Shule niliiacha na miaka tisa nikaenda kambi ya magogo. Herufi alinifundisha Ghislaine, mke wangu, mwaka tuliooana, kwenye meza ya jikoni ya mama yake. Kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Anayetaka nukta na mikato aongeze mwenyewe.

10 Novemba. Siku ya 1
Presha 136. Tumevuka mpaka. Theluji tumewaachia wanaoipenda.

13 Novemba
138. Tumefika. Trela, nyumba yetu ya magurudumu, haijavuja. Kuna mjusi kwenye sinki, Ghislaine kamwita Rosaire.

18 Novemba
141. Trela namba arobaini ina mgeni. Lucien Trottier, mgane, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa Kebeki mjini, anavaa soksi ndani ya makubazi.

Hapa kambini miaka kumi na minne watu wanakuja chini ya turubai langu saa kumi jioni kunisikiliza. Leo nimewapa ile ya magogo elfu sita yaliyokwama mtoni, nami nikaenda peke yangu na mti mrefu mkononi kulichomoa gogo moja lililozuia yote. Nimefika pale maji yananimeza, Bibiane kashika mdomo, Lucien anainua kidole. Anauliza mto pale una upana gani.

Mtu gani anauliza upana wa mto wakati mwenzake anazama?

25 Novemba
144. Lucien kaitisha watu kwenye ukumbi wa bingo. Kasema kadi yetu ya afya ya nyumbani huku ni kama tiketi ya basi la jana. Kasema kila trela iwe na bahasha nyekundu kwenye mlango wa friji, imebanwa na sumaku, ndani yake majina ya vidonge, magonjwa, namba ya bima, na namba ya simu ya kupiga kabla daktari hajakugusa, maana ukipiga baadaye wale watu wa bima wanaanza mabishano. Vijana wa ambulansi wa huku wanajua kutazama friji. Kisha akaja kwenye vidonge. Daktari akikubadilishia kidonge ndani ya siku tisini kabla bima haijaanza, hata akikupunguzia, hayo kwao ni mabadiliko, na usiposema watakukana, hawalipi kitu.

Ukumbi ulinyamaza kabisa. Kwangu hawanyamazi hivyo hata nikifika pale ninapokufa.

Mimi nikasimama nikawaambia nusu ya kidonge changu cha presha ilikatwa tarehe tano Novemba kwa sababu ya afya, daktari kaona narudi ujana. Watu walicheka. Lucien aliandika kitu kwenye daftari.

Alipouliza nani ana mwandiko mzuri wa kumsaidia, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Ghislaine.

30 Novemba
147. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Saa nane mpaka saa kumi. Trela namba arobaini. Anarudi ananukia kahawa ya watu.

6 Desemba
149. Leo zamu ya trela yetu. Lucien kaja na bahasha, kofia mkononi, akaniuliza bima yangu ni ya siku ngapi. Nikamwambia mimi nilifanya kazi kiwanda cha karatasi miaka ishirini baada ya mto, chama chetu cha wafanyakazi kinanibeba mpaka nirudi. Akaomba kuona karatasi. Akaisoma akiwa amesimama, midomo haitikisiki. Mimi nikisoma midomo inatembea kama ng'ombe anacheua.

"Ni siku sitini, Rosaire," akasema. "Inakwisha tarehe nane Januari. Kabla ya hapo mnapiga simu kuongeza, kila mmoja anajibu maswali ya afya yake mwenyewe. Nikusaidie? Dakika ishirini tu."

Mbele ya mke wangu. Mbele ya mwanamke aliyenifundisha A mpaka Z, huyu bwana anauliza kama nahitaji msaada wa kusoma.

"Nimevuka mto juu ya gogo moja nina homa," nikamwambia. "Simu itanishinda?"

Ghislaine alinitazama. Lucien alipoondoka bahasha nikaiweka droo ya mezani, na sumaku nikabania ratiba yetu ya mchezo wa mipira ya chuma.

12 Desemba
151. Ghislaine yuko kule arobaini. Nimepiga simu ya bima. Kwanza mashine, bonyeza moja, bonyeza mbili. Kisha mwanamke. Akaniuliza kama katika siku tisini nimebadilishiwa dawa au kipimo cha dawa au nimeshauriwa uchunguzi ambao haujafanyika au ambao majibu yake hayajatoka. Swali refu kama treni, nimesimama kando ya reli inapita na kichwa chake kimeshafika mji mwingine. Nikasema rudia. Karudia. Nikasema rudia tena. Kisha nikamuuliza kama ameolewa. Akasema mzee, mazungumzo haya yanarekodiwa.

Nikakata.

15 Desemba
150. Ghislaine kachelewa kule, saa kumi na moja kasoro. Hakusema kwa nini. Sikuuliza, mimi siyo mtu wa wivu.

20 Desemba
148. Ghislaine kauliza, "Umepiga ile simu?" Nimesema nimepiga. Si uongo. Nilipiga.

24 Desemba
155. Pai ya nyama, supu, watu thelathini, miti ya Krismasi ya plastiki jasho likitutoka. Lucien aliniomba ruhusa ya kucheza na mke wangu. Angemchukua tu ningemchukia kwa raha zangu. Kaniomba. Anacheza vizuri, mshenzi, miguu yake inajua kusoma pia. Bibiane kaniambia, "Baba Rosaire, mbona unaitazama ile sahani kama imekutukana?"

2 Januari
150. Ghislaine kauliza tena. Nikasema, "Nimeshasema nimepiga."

8 Januari. Siku ya 60
156. Ghislaine alikuwa anakata kitunguu. Kisu kikasimama.

"Rosaire, ile simu. Umepiga kweli?"

"Nimepiga."

Kisu kikaendelea. Nikatoka nje na simu mfukoni. Ilikuwa saa tisa, ofisi iko wazi. Nikaitoa. Nikaweka kidole. Lucien akapita na baiskeli yake, akainua kofia, akauliza kama kila kitu kiko sawa. Nikarudisha simu mfukoni.

9 Januari. Siku ya 61
158. Hatujafa.

10 Januari. Siku ya 62
157. Ghislaine kakohoa mara mbili.

11 Januari. Siku ya 63
159. Hajakohoa. Nimesubiri siku nzima.

14 Januari. Siku ya 66
Presha sisemi.

Niandike vizuri nijue nimefanya nini. Nyumba yetu ya Shawinigan ni ya Ghislaine. Mama yake alimwachia, yeye mwenyewe alizaliwa chumba cha juu. Kitanda cha hospitali cha huku kinakula pensheni yangu ya mwaka kwa siku chache. Mke wangu akivunja nyonga leo, nyumba imekwenda, na atakuwa ameivunja akidhani ana bima, kwa sababu nimemwambia anayo.

Basi nimeanza kumlinda. Ngazi nimemwazima jirani na nimemwambia asirudishe. Samaki mwenye miiba haingii humu. Ukumbi wa bingo nimesema sakafu imepigwa nta. Sokoni nabeba kapu mimi. Akiinuka kitini nainuka. Akiingia bafuni nasimama mlangoni nazungumza naye, nijue hajaanguka.

Leo njiani akanishika mkono wa kapu. "Miaka hamsini na moja," akasema, "hujawahi kunibebea hata kitunguu." Na macho yake yalikuwa kama ya yule msichana wa mezani kwa mama yake.

Nilijiona mwizi anayesifiwa kwa kufunga mlango.

15 Januari. Siku ya 67
160. Kaenda kwa Lucien. Nimempeleka mpaka mlangoni, kuna mawe njiani. Lucien kasema, "Karibu na wewe, Rosaire." Nimekataa. Nimekaa kwenye ndoo ng'ambo ya njia masaa mawili. Wanacheka mle ndani. Nini kinachekesha kwenye orodha ya vidonge?

20 Januari. Siku ya 72
155. Mvua. Nimemzuia ndani, raha.

24 Januari. Siku ya 76
161. Siku hizi Ghislaine anakuja uwanjani kila tunapocheza. Miaka kumi na minne hajaja hata mara moja, mchezo huu aliuita wazee kutupa masufuria. Sasa anakaa kwenye benchi, jua linamchoma, macho hayaondoki. Na nani nacheza naye? Lucien. Nimefungwa kumi na tatu kwa saba, sikuweza kutupa, nilikuwa namtazama anayemtazama.

Bibiane kapita akasema, "Benchi lile litaota mizizi, Baba Rosaire. Sijui linamtazama nani."

Mimi najua.

29 Januari. Siku ya 81
157. Supu ya njegere haina chumvi, mara ya nne. Nikamuuliza. Kasema kasahau. Mwanamke akisahau chumvi mara nne mawazo yake yako trela nyingine. Nimekula nikiwa nimekasirika, bakuli mbili.

1 Februari. Siku ya 84
154. Kasema tumbo limejaa gesi. Nikamkanda mgongo nusu saa. Kasema Mungu amenibadilisha.

3 Februari. Siku ya 86
Naandika kwenye kiti cha hospitali na kalamu ya watu.

Saa tatu asubuhi alikuwa ameshika sinki kwa mikono miwili. Akasema chini ya mbavu za kulia, kama kuna mtu anasokota kitambaa. Akatapika. Alipogeuka, weupe wa macho ulikuwa umeingia manjano. Nilivuta magogo ya watu watatu ujana wangu, leo nilishindwa kumvika viatu.

Bibiane alisikia nikimwita mke wangu, akapiga simu ya ambulansi. Wakaja kijana na msichana. Msichana hakuniuliza chochote, akaenda moja kwa moja kwenye friji. Akakuta ratiba ya mipira ya chuma. Akanitazama. Nimewahi kutazamwa vibaya na mabosi, mapadri na dubu, lakini hivi bado.

"Mkoba wangu," Ghislaine akasema. Nikadhani anataka rozari. Nikambebea.

Hospitali kwenye dirisha wakataka bima. Nikatoa kadi ya kiwanda. Mwanamke akaiandika, akasema watapiga huko kuhakikisha. Baadaye daktari akaja na mkalimani, akaeleza ni mawe ya nyongo, jiwe moja limeziba njia, homa imeanza kupanda, lazima wapasue leo hii. Nikasema mpasueni. Nikatia sahihi kila walipoonyesha. Nikakaa nikawa naona nyumba ile inaondoka kipande kipande. Paa. Ngazi. Meza ya jikoni.

Nikaenda kitandani kwake. Mto wakati wa barafu kuvunjika haukunitisha kama zile hatua kumi.

"Ghislaine, sikupiga ile simu. Nilipiga nikakata. Bima imekwisha tangu tarehe nane."

"Yako ndiyo imekwisha," akasema.

Akafungua mkoba. Bahasha nyekundu. Ndani jina lake, vidonge vyake, namba ya bima yake mwenyewe, aliyojikatia kwenye meza ya Lucien tarehe kumi na tano Desemba. Siku ile niliyoandika kachelewa.

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Nilikuuliza mara tatu. Mara zote ulisema umepiga, na karatasi yenyewe sikuiona. Ulitaka nifanyeje, nikuite mwongo mbele ya kitunguu?"

"Na mimi je?"

"Wewe uko uchi tangu siku ya sitini na moja, mzee wangu." Maumivu yakamshika, akangoja yapite. "Unadhani chumvi nilisahau? Unadhani naenda kuungua na jua kwenye lile benchi nimtazame Lucien? Lucien anatupa kama anamwaga maji ya vyombo. Nilikuwa nakutazama wewe, ukianguka niwepo. Wewe ulinibebea kapu, mimi nakuhesabia pumzi. Wazee wawili wapumbavu, kila mmoja anamlinda mwenzake na hasemi."

Katika maisha yangu nimesifiwa na watu wengi, na mara nyingine nilijisifu mwenyewe. Hakuna sifa iliyoniingia kama ile ya maji ya vyombo.

Kisha akasema, "Ungekufa, Rosaire, ningekuua."

Lucien alikuwa ameshafika, kofia mkononi. Bibiane alikuwa amemkimbilia, naye akawapigia watu wa bima ya Ghislaine kabla ambulansi haijatoka getini, wakamkubalia upasuaji. Yule wa dirishani alikuwa na karatasi yao tayari, kadi yangu ya kiwanda kaitumia kuwekea kikombe.

Walipoanza kukisukuma kitanda, Lucien alimshika mke wangu mkono. Akaushika muda mrefu, pale pale korido, na mimi nimesimama kama mwavuli uliosahauliwa. Hilo nitalikumbuka.

4 Februari
Ametoka salama. Anaomba kahawa. Presha haikupimwa, mashine iko nyumbani.

5 Februari
Daktari kampa mawe yake kwenye kichupa. Anajivuna nayo. Nimemwambia mimi nimewahi kuona makubwa zaidi.

7 Februari
152. Leo saa kumi jioni, watu wote wamekaa nje wanaona, nimevuka njia nikaenda trela namba arobaini. Nikabisha. Lucien akafungua.

"Nisomee," nikamwambia.

Hakucheka. Afadhali angecheka. Alivuta kiti, akatoa fomu, akasoma swali moja moja, na refu akalikata vipande kama nyama ya mtoto. Tukafika kwenye dawa. Akauliza ile nusu ya kidonge ilikatwa lini. Tarehe tano Novemba. Akachukua kalenda akahesabu na penseli, akahesabu tena.

"Siku tisini na nne," akasema. "Rosaire, ungepiga simu Januari ukajisifu kama kawaida yako, ukasema uko mzima hujabadilishiwa kitu, wangekukana siku ukiumwa. Leo siku tisini zimepita. Jibu la kweli ni hapana."

Nikamwambia nilikuwa nangoja kwa makusudi.

"Bila shaka," akasema, na akaandika. Sijui kama alikuwa ananitania. Kama alikuwa ananitania, ana kipaji, na hilo sikulipenda.

Tulipopiga simu wakasema sawa, ila bima ya mtu aliyekwisha kuwa ugenini inaanza kuhesabu ugonjwa baada ya siku tatu. Kabla ya hapo nikiugua ni juu yangu.

8 Februari. Siku ya kwanza ya kungoja
Nimekaa kwenye kiti.

9 Februari. Siku ya pili
Bado kwenye kiti. Ghislaine yuko kitandani na mshono wake, mimi kwenye kiti na uzima wangu, Bibiane anatulisha wote wawili kwa kijiko. Kambi nzima inapita kuuliza, "Baba Rosaire, umehema leo?" Kuna mtu kanibania karatasi kifuani kwa sumaku ya friji. Haikushika, nina vifungo vya plastiki.

10 Februari. Siku ya tatu
149. Lucien kaleta asali ya utomvu wa mti wa kwetu. Chupa nzima kampa Ghislaine. Mimi kaniletea gazeti. Gazeti. Kisha akakaa akanisomea mpaka jua likatua, habari za maji ya mto kwetu, na lazima niseme anasoma vizuri. Ghislaine alisinzia akitabasamu. Sijui alikuwa anatabasamu na sauti ya nani.

11 Februari
145. Nimesimama.

3 Machi
139. Nimemfunga Lucien kumi na tatu kwa mbili. Benchi lilipiga makofi. Nililitazama vizuri, lilikuwa linanipigia mimi.

14 Aprili
137. Kesho tunaondoka. Bahasha mbili nimezibana mimi mwenyewe kwenye friji, na yangu nimeandika kwa mkono wangu, vidonge vyote, hata kile cha choo.

Ghislaine kasoma kijitabu hiki chote leo, na penseli, akasahihisha. Alipofika tarehe tatu Februari penseli ikasimama. Akaniambia, "Mimi nilikuwa nimeshaingizwa ndani. Lakini Bibiane alikuwepo koridoni, na Bibiane hanyamazi. Utaliacha hivyo?"

Nikamwambia kitabu ni changu.

Akaondoka kwenda kufunga mizigo, penseli kaiacha hapa.

Haya. Humu ndani kila kitu ni kweli, hata dubu. Ila Lucien hakumshika Ghislaine mkono. Kitanda kilikuwa kimeshapita na mlango umefungwa. Mkono alioushika ni wangu, na si yeye aliyekataa kuachia.